Dughulushi: Chukua Jani Kitaluni, Mwamba wa Amani Uache

Tangu masika yaanze, ofisi yetu hapa Muheza imekuwa ikipokea simu za watu waliong'oa dughulushi, mmea mdogo wa maua ambao Waingereza huuita African violet, kwenye miamba ya msitu wa Amani, wakaipeleka Tanga mjini, na kuiona ikioza ndani ya wiki mbili. Tunaamini wengi wao waliupenda mmea huu kwa moyo safi, na ndiyo maana tunaandika.

Dughulushi hupenda unyevu na kivuli, lakini kupenda unyevu si kupenda maji yaliyotuama. Porini hushika udongo mwembamba juu ya mwamba, maji hupita na kwenda zake, na kinachobaki ni hewa yenye unyevu chini ya miti mikubwa. Jambo hili tumelieleza mara nyingi, na bado watu huimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Tumia kopo dogo lenye matundu, lijaze mboji iliyochanganywa na unga wa makumbi ya nazi na mchanga kidogo, kisha uliweke karibu na dirisha la mashariki pasipopigwa na jua la mchana. Udongo ukianza kukauka juu, simamisha kopo ndani ya sahani ya maji kwa nusu saa na umwage yanayobaki. Maji ya baridi yakidondokea majani, ambayo yana vinyweleo laini kama mahameli, huacha mabaka meupe yasiyofutika.

Kuizalisha hakuhitaji kung'oa chochote. Kata jani moja zima pamoja na kikonyo chake cha sentimita 3, lichomeke kwa mshazari kwenye mchanga wenye unyevunyevu, na baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo, kila kimoja kama punje ya choroko, vikichomoza kwenye sehemu ya chini ya kikonyo. Mbegu na mimea aliyoituma Ujerumani Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, mwaka 1892 ilitosha kuanzisha kilimo cha ua hili kwenye vitalu vya ng'ambo. Jani la jirani litakutosha wewe.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchukua mmea, jani au mbegu ndani ya hifadhi bila kibali. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru chombo alichobebea kitaifishwe. Mtafiti huanza na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndipo huja kwa mhifadhi, kwa kuwa kibali hicho peke yake hakimruhusu kukusanya sampuli. Anayesafirisha mmea wa kitaluni nje ya nchi huomba cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu mkaguzi lazima auone mmea wenyewe pamoja na mizizi yake.