Tiba ya kiwewe inayoanzia mwilini: maana yake na jinsi inavyofanyika

Mtu aliyenusurika ajali mbaya ya gari anaweza kukusimulia kisa chote bila kutetereka: siku ilivyokuwa, nani alikaa wapi, nani alimtoa. Breki zikilia huko nje, moyo unamwenda mbio, mabega yanapanda, viganja vinalowa jasho. Akili inajua kwamba yamepita, mwili bado umo ajalini.

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha kama hilo. Tiba ya kiwewe inayotumia mwili na nguvu za mtu mwenyewe ni jina la jumla la njia kadhaa za kisaikolojia zinazoanzia hapo. Mteja hujifunza kutambua yanayotokea mwilini mwake wakati uleule, huku akishikilia nguvu zake, yaani vitu ambavyo tayari vinampa uimara. Inayojulikana zaidi ni ile iliyobuniwa na Mmarekani Peter Levine kuanzia miaka ya 1970. Mmarekani mwenzake, Pat Ogden, ana njia yake inayokaribiana nayo. Lakini fikra yenyewe ni ya zamani kuliko wote wawili: Mfaransa Pierre Janet, aliyefariki mwaka 1947, alikwisha kuona kwamba mtu aliyepatwa na jambo la kutisha hubaki amenasa katika tendo la kujikinga ambalo halikufika mwisho.

Hatari inapotokea, mwili haungoji ushauri. Adrenalini inamwagika kwenye damu, misuli inakaza, tayari kupigana au kukimbia. Yote mawili yakishindikana, mtu anaweza kuganda: hasogei, sauti haitoki. Wengi hujilaumu miaka mingi kwa kuganda huko, wakijiuliza kwa nini hawakupiga kelele, na kumbe hawakuwa na hiari. Kwa maoni yangu, kulielewa hilo tu ni nusu ya nafuu kwa baadhi ya watu, na ndiyo sababu "jikaze, yamepita" ni ushauri usiosaidia kitu.

Sasa hizo nguvu. Si lazima ziwe mambo makubwa. Inaweza kuwa dada unayemwamini, sala, kazi ya mikono unayoiweza, mahali ulipowahi kujisikia salama, au sehemu ya mwili isiyo na maumivu, tuseme nyayo zilizokanyaga sakafu. Ila mtaalamu hataridhika na jibu la "dada yangu ananipenda". Atauliza: ukimfikiria sasa hivi, unahisi nini, na wapi? Mteja akinyamaza kidogo, kisha akasema kifua kimelegea, watabaki hapo kwa muda. Nguvu isiyohisiwa mwilini ni wazo zuri tu, na mawazo mazuri huyeyuka mara hofu inapopanda.

Baada ya hapo ndipo kisa kinaguswa, na kwa kipande. Mteja anataja sekunde chache kabla ya gari kugonga, mkono wake wa kulia unakunja ngumi. Badala ya kumhimiza aendelee kusimulia, mtaalamu anamwomba auangalie huo mkono: unataka kufanya nini? Pengine kusukuma. Basi anasukuma taratibu, pengine dhidi ya mto, hadi pumzi ndefu itoke yenyewe. Wanarudi kwenye nyayo na kiti, halafu, akiwa tayari, wanagusa kipande kingine. Kuna vikao ambavyo kisa chenyewe hakitajwi kabisa.

Tiba hii isichanganywe na kukanda misuli au mazoezi ya viungo. Mara nyingi mtu amekaa kitini na hakuna anayemgusa. Pale mguso unapotumika, sharti aombwe ruhusa, na ana haki ya kukataa. Pia kuna watu ambao kuambiwa "sikiliza pumzi yako" huwaongezea hofu. Hao huanza na vya nje: rangi za ukutani, sauti za chumbani, uzito wa kitu mkononi.

Kuhusu ushahidi, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu madhara ya kiwewe, kati ya tiba lilizopendekeza kwa watu wazima wenye ugonjwa unaotokana na kiwewe (PTSD) ni tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, pamoja na ile ya kusogeza macho huku mtu akilikumbuka tukio (EMDR). Njia za mwilini zina tafiti chache zaidi. Mojawapo, iliyofanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 2017, ilihusisha watu 63, na waliopata njia ya Levine walionyesha nafuu kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu. Inatia moyo, ila watu 63 ni wachache, na kumlinganisha mtu na anayesubiri ni mtihani mwepesi. Anayekuahidi kwamba kikao kimoja kitang'oa kila kitu, mkimbie.

Kabla ya kuanza, muulize mtaalamu amesomea wapi, na atafanya nini ukizidiwa katikati ya kikao. Na maumivu ya kifua au kuzimia yapimwe kwanza na daktari, hata kama una hakika chanzo chake ni hofu.