Mchanganuo wa biashara ndogo: anza na hesabu, maneno yafuate

Mtu akiambiwa aandike mchanganuo wa biashara, mara nyingi huanza na dira, dhamira na historia ya wazo lake. Anatumia wiki mbili kupamba kurasa hizo, na akifika kwenye hesabu amechoka, anajaza tarakimu zinazopatana na maneno aliyokwisha kuandika. Hapo kazi imeanzia mkiani. Afisa wa mikopo mwenye uzoefu hufungua kurasa za fedha kwanza, na maelezo huyasoma baadaye kuona kama yanazitetea zile tarakimu. Nawe andika kwa utaratibu huohuo, hata kama huna nia ya kukopa, kwa sababu atakayeutumia mchanganuo huo kuliko mtu yeyote ni wewe mwenyewe.

Kila tarakimu itoke kwenye kitu unachoweza kukihesabu, kukipima au kukiulizia bei. Ukishindwa kueleza ilikotoka, bado ni matamanio.

Bidhaa moja, gharama yake yote

Tuchukue karakana ya kushona mabegi ya shule, yenye fundi mmoja na cherehani moja. Tarakimu zifuatazo hazina sarafu. Weka za kwako.

Begi moja linauzwa kwa 100. Kitambaa, zipu, mikanda, uzi na kifungashio vinafika 55. Fundi analipwa 10 kwa kila begi. Hizi 65 ni gharama zinazobadilika: ukishona begi unazitumia, usiposhona huzitumii. Zinabaki 35, na hizo ndizo zinazobeba mzigo wa karakana nzima.

Usikadirie kitambaa kwa macho. Shona mabegi 10, kisha pima kitambaa chote kilichotumika, pamoja na vipande vilivyotupwa na begi lililoharibika, ugawanye kwa idadi ya mabegi yanayouzika. Mabegi 10 yakitoa 9 mazuri, gharama ya hilo moja lazima ibebwe na yale 9. Makosa ya hapa ni madogo kwa begi moja, lakini yanajirudia kila siku ya mwaka.

Kisha orodhesha gharama za kila mwezi ambazo hazijali umeuza au hujauza: pango 400, umeme na maji 80, usafiri na simu 140, mshahara wako mwenye biashara 600, na akiba ya kununua cherehani nyingine 40 (cherehani ya 2,400 inayotarajiwa kudumu miezi 60). Jumla ni 1,260.

Watu wengi huruka mshahara wa mwenye biashara, wakisema watachukua faida ikipatikana. Matokeo yake mchanganuo unaonyesha faida nono, lakini mwenye biashara anakula kila siku, na anakula kutoka kwenye sanduku la mauzo bila kuandika. Miezi michache baadaye biashara imekula mtaji na hakuna anayejua ulipotea lini. Andika mshahara, hata ukiwa mdogo, na uuheshimu kama unavyoheshimu pango.

Sasa gawanya 1,260 kwa 35. Unapata 36. Begi la 36 ndilo linalomaliza gharama za mwezi, na la 37 ndilo la kwanza kuleta faida. Kwa siku 25 za kazi, hilo ni karibu begi moja na nusu kwa siku. Tarakimu hii ndogo inafaa kubandikwa ukutani, maana kila jioni inakuambia uko mbele au nyuma.

Hesabu hiyohiyo inakulinda na tamaa ya kushusha bei. Tuseme lengo lako ni mabegi 60 kwa mwezi: 60 mara 35 ni 2,100. Ukipunguza bei kwa asilimia 10 ili kuvuta wateja, kila begi linabakiza 25, na ili upate 2,100 zilezile itabidi uuze mabegi 84. Punguzo la asilimia 10 linadai ongezeko la mauzo la asilimia 40. Je, fundi anaweza? Kama begi moja linachukua saa mbili na siku ina saa nane za kazi, anashona manne kwa siku, 100 kwa mwezi. Hayo ni ya kwenye karatasi. Ondoa siku za umeme kukatika, cherehani kuharibika, kitambaa kuchelewa na fundi kuumwa. Chukua asilimia 80, ambayo ni mabegi 80. Ile 84 haifikiki bila cherehani ya pili na fundi wa pili.

Kuna kosa jingine la bei. Ukinunua kitu kwa 100 ukaongeza asilimia 30 na kukiuza kwa 130, faida yako ghafi si asilimia 30 ya mauzo. Ni 30 katika 130, yaani asilimia 23. Anayetoa punguzo la asilimia 25 akidhani bado anabakiza tano, anauza kwa 97.5 kitu alichokinunua kwa 100.

Mtiririko wa fedha, mwezi kwa mwezi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Biashara yenye faida inaweza kufungwa kwa kukosa fedha mkononi, na jedwali la faida na hasara peke yake halitakuonya.

Baada ya kununua vifaa, karakana yetu imebakiwa na 3,000. Inashona na kuuza mabegi 60 kwa mwezi. Thelathini yananunuliwa kwa fedha taslimu. Thelathini yanachukuliwa na maduka kwa mali kauli, na maduka yanalipa baada ya siku 60. (Tuchukulie bei ni ileile, ili hesabu iwe nyepesi.) Mauzo ya mwezi ni 6,000. Gharama ni 3,900 za mabegi na 1,260 za kila mwezi, jumla 5,160. Faida ni 840 kila mwezi, na kwenye karatasi mambo ni mazuri.

Fuata fedha zenyewe. Mwezi wa kwanza zinaingia 3,000 tu, zinatoka 5,160. Mkononi zinabaki 840. Mwezi wa pili zinaingia tena 3,000, zinatoka 5,160, nawe umepungukiwa 1,320. Kitambaa hakinunuliki na fundi halipwi, katika mwezi ambao daftari la faida linasema umeshapata 1,680. Mwezi wa tatu maduka yanaanza kulipa, unaingiza 6,000 na pengo linapungua hadi 480. Mwezi wa nne ndipo unakuwa na 360 mkononi. Asiyechora jedwali hili analikuta shimo akiwa ameshatumbukia, na hapo hukopa kwa haraka kwa riba yoyote atakayotajiwa.

Anayelichora mapema ana njia. Maduka yakikubali kutoa nusu ya malipo siku ya kupokea mzigo, mwezi wa kwanza na wa pili zinaingia 4,500 badala ya 3,000. Mkononi unabaki na 2,340, kisha 1,680, na mwezi wa tatu 2,520. Shimo limefukika bila mkopo wowote, kwa mazungumzo yaliyofanyika kabla begi la kwanza halijashonwa. Njia nyingine ni kumwomba muuza vitambaa naye akuvumilie siku 30, au kuanza na maduka machache na kuyaongeza fedha zikianza kurudi.

Jedwali lenyewe si gumu. Chora safu 12, moja kwa kila mwezi. Juu andika fedha za kuanzia mwezi, kisha zinazoingia, kisha zinazotoka, na chini kabisa zinazobaki. Zinazobaki ndizo zinazoanzia mwezi unaofuata. Mauzo yaandike katika mwezi fedha zinapopokelewa, hata kama mzigo uliondoka zamani. Leseni, kodi na bima zinazolipwa mara moja kwa mwaka ziandike nzima katika mwezi wake. Pango likilipwa kwa miezi sita pamoja, liandike hivyo. Wala usiweke mauzo sawa kwa miezi yote kama tulivyofanya kwa mfano: mabegi ya shule hutoka sana shule zinapokaribia kufunguliwa, na kitambaa cha msimu huo kinanunuliwa mwezi mmoja au miwili kabla. Mwezi mkavu zaidi kwa fedha huwa ni ule kabla ya mauzo makubwa.

Ukimaliza, lifanyie jedwali jaribio la ubaya. Mauzo yashushe kwa asilimia 30, yawe mabegi 42. Gharama ya vifaa ipandishe kwa asilimia 10, kutoka 55 hadi 60.5. Kila begi sasa linabakiza 29.5, na mabegi 42 yanaleta 1,239, pungufu kidogo ya 1,260 zinazohitajika. Karakana inapata hasara ya 21 kwa mwezi. Hiyo si habari ya kuua mradi. Inakuonyesha kuwa biashara inavumilia pigo la kiasi hicho kwa muda, mradi kuna akiba. Kama jaribio lingetoa hasara ya 600, afadhali kujua leo.

Soko: hesabu wateja mmoja mmoja

Sentensi inayosema "tukipata asilimia moja tu ya soko" haina msaada, maana haionyeshi utaipata asilimia hiyo kwa njia gani. Anzia chini. Maduka yanayouza mabegi katika eneo unalolifikia ni 20. Umezungumza na 12. Matatu yako tayari kuchukua mabegi 10 kila mwezi. Hapo ndipo ile 30 ya kwenye jedwali inapotoka, na majina ya maduka hayo pamoja na barua zao, kama yamekubali kuandika, yanakwenda kwenye viambatanisho.

Unapomhoji mteja, usimuulize kama angenunua. Watu wana adabu, watasema ndiyo. Muulize alinunua begi la mwisho lini, kwa bei gani, lilidumu miezi mingapi, liliharibikia wapi. Zipu na mshono wa mkanda zikitajwa na wengi, umeshajua utashindana kwa kitu gani, na pengine ile 55 ya vifaa ipande kidogo kwa ajili ya zipu imara.

Usiandike kwamba huna mshindani. Kama hakuna mwingine anayeshona mabegi, kuna anayeyaagiza kutoka mbali, na kuna mzazi anayepeleka la zamani kwa fundi likatiwe kiraka. Nunua mabegi mawili matatu ya washindani, yafumue, uone wametumia nini.

Mtaji na mkopo

Orodha ya mtaji iwe na mafungu mawili. La kwanza ni vitu vya kununua mara moja: cherehani, meza ya kukatia, mkasi, matengenezo ya chumba, usajili, amana ya pango. Kila kimoja kiwe na bei ya muuzaji iliyoandikwa, na ikiwezekana bei za wauzaji wawili au watatu. Ongeza asilimia 10 hadi 15 kwa yasiyotarajiwa. Fungu la pili ni mtaji wa uendeshaji, yaani fedha za kuvusha biashara hadi mauzo yajitegemee. Hili ndilo linalosahauliwa: mtu anamaliza mtaji wote kwenye vifaa, anafungua mlango akiwa hana hela ya roli la pili la kitambaa. Kiasi chake usikibuni. Kisome kwenye jedwali la mtiririko, pale fedha zinaposhuka chini kabisa, kisha uongeze akiba juu yake.

Ukihitaji kukopa, uliza riba inakokotolewa vipi, maana asilimia ileile inaweza kuwa mizigo miwili tofauti. Chukua mkopo wa 1,200 kwa miezi 12, riba asilimia 24 kwa mwaka. Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho, utalipa 288. Ikikokotolewa juu ya salio linalobaki, huku ukirejesha 100 ya mkopo kila mwezi, utalipa 156. Tofauti ni 132, karibu sawa na faida ya mabegi manne ukiwa umeshavuka lile la 36. Ongeza ada ya maombi, bima ya mkopo na makato mengine ndipo ulinganishe wakopeshaji. Marejesho yaingize kwenye jedwali la fedha katika miezi yake, na kama miezi mitatu ya mwanzo haiyawezi, omba yaanze mwezi wa nne. Ombi lenye jedwali nyuma yake lina uzito kuliko maelezo ya mdomo.

Kurasa zinazobaki

Hesabu zikisimama, maandishi huenda haraka. Eleza biashara kwa aya mbili: unauza nini, kwa nani, kwa nini wanunue kwako. Eleza uendeshaji: mali ghafi inatoka wapi, nani anafanya nini, nani anashika fedha na nani anazikagua. Eleza uzoefu wa wahusika kwa ukweli, na pengo lilipo andika utaliziba vipi. Kurasa 10 hadi 15 zinatosha biashara ndogo.

Muhtasari unakaa mbele lakini unaandikwa mwisho, ukurasa mmoja, wenye kiasi cha fedha kinachohitajika, matumizi yake, na lini kitarudi. Kabla ya kuchapa, angalia tarakimu zinafanana kila mahali. Mabegi 60 kwenye sehemu ya soko yasiwe 75 kwenye jedwali la mauzo. Msomaji akikuta tofauti moja kama hiyo, hataamini nyingine zote.

Biashara ikianza, ongeza safu ya pili pembeni ya kila mwezi kwenye jedwali na uandike kilichotokea kweli. Mwisho wa mwezi kaa na safu hizo mbili kwa saa moja. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 kwa miezi miwili mfululizo, andika upya miezi iliyobaki kwa tarakimu mpya, pamoja na siku halisi ambazo kila duka linachukua kulipa.