Kupunguza utegemezi wa kuni na mkaa: maana yake jikoni

Utegemezi wa tungamotaka, au bayomasi kama wengine wanavyoiita, ni hali ya kaya kukosa njia nyingine ya kuivisha chakula isipokuwa kuchoma kitu kilichokuwa hai: kuni, mkaa, mabua, maranda, na kwingineko samadi iliyokaushwa. Tanzania kaya nyingi bado hupika kwa kuni au mkaa. Kwa hiyo kupunguza utegemezi huo ni kupunguza kiasi kinachochomwa. Nasisitiza neno kiasi kwa sababu mara nyingi kinachohesabiwa ni mitungi ya gesi iliyogawiwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Chukua kaya ya kawaida ya Isevya au Cheyo, Tabora mjini, yenye mtungi wa kilo 6. Asubuhi chai inachemka kwenye gesi, na mboga ya usiku inapashwa hapohapo. Ugali wa watu wanane ni shughuli nyingine: jiko limekaa juu ya kichwa cha mtungi, sufuria iko juu, na ukianza kusonga kwa nguvu kila kitu kinayumba. Mwiko unahamia kwenye mkaa. Maharage nayo yako uani juu ya mkaa tangu saa nne asubuhi, maana hakuna mama atakayekubali gesi iungue saa mbili au tatu kwa ajili ya sufuria moja. Kaya hii ina nishati safi, tena inaitumia kila siku, lakini gunia la mkaa bado linaisha karibu kwa kasi ileile.

Hali hii ya kuchanganya nishati ni ya kawaida katika nchi zinazoendelea, na si ujinga wala ukaidi wa wapishi. Ni hesabu. Gesi inataka fedha ya mkupuo siku mtungi unapoisha. Mkaa unanunulika kwa ndoo, hata kwa kopo, kulingana na kilichopatikana leo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama utegemezi umepungua, usiulize kama nyumba ina gesi. Uliza maharage yanaivia wapi.

Mkaa wenyewe una siri yake. Hautoi moshi mwingi, unabebeka, na kilo 1 ina nguvu karibu mara mbili ya kilo 1 ya kuni kavu, hivyo mtu anayetoka kijijini akaacha mafiga matatu na kununua jiko la mkaa huonekana amepiga hatua. Kwa msitu, amerudi nyuma. Tanuri la asili la kufukia magogo kwa udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni, na nguvu nyingi ya ule mti inapotea porini kabla gunia halijashonwa. Isitoshe, mama wa kijijini kwa sehemu kubwa huokota matawi makavu, wakati mchoma mkaa huangusha mti mbichi mzima. Na kule kukosa moshi kusimdanganye mtu: jiko la mkaa likiachwa linawaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Kuhusu moshi wa kuni, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hapa nusu hatua hailipi vizuri. Mapafu hayapati nafuu ya nusu eti kwa sababu moshi umepungua nusu. Faida kubwa huanza kuonekana pale moshi unapokuwa mdogo sana. Ndiyo maana jiko banifu, ambalo kweli linaokoa kuni, haliwezi kusifiwa kwa afya kama linavyosifiwa kwa msitu.

Sisemi kuni ni dhambi. Miombo ya Tabora ina tabia ya kuchipua kwenye visiki, na mahali panapokatwa kwa kiasi, moto na mifugo vikadhibitiwa, pori hurudi. Na tukiwa wakweli, si kila mti unaopotea Urambo au Kaliua umeishia chini ya sufuria. Mashamba mapya yanafyeka, na mabani ya kukaushia tumbaku yanakula magogo kwa wingi. Kumtupia mama wa jikoni lawama zote ni kukwepa mjadala.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri. Shida naiona kwenye neno kutumia: yule wa Isevya anayechemsha chai kwa gesi anahesabiwa au hahesabiwi?

Kwa maoni yangu, vita iko kwenye vyakula vinavyochelewa kuiva: maharage, makande, nyama ngumu. Kuloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria kunapunguza muda wa moto bila kununua chochote. Kwa wenye umeme, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, kwa sababu mvuke umefungiwa ndani na jiko hujizima lenyewe joto likitosha. Hata kwa bei ya kawaida ya umeme, hiyo mara nyingi ni nafuu kuliko mkaa wa sufuria ileile. Kikwazo ni bei ya jiko lenyewe, kukatika kwa umeme, na jambo moja ambalo halisemwi sana: mteja mdogo wa nyumbani hupata bei ya chini hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo zinapanda bei mara kadhaa. Taa, simu, televisheni na friji vikishakula sehemu yake, jiko la umeme ndilo linaloivusha kaya mpaka huo, na mama akiona tokeni ya mwezi inaisha mapema, analirudisha kabatini na kutuma mtoto akalete ndoo ya mkaa.