Aibu Haimfundishi Mhusika Adabu

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya riwaya, na kuna sura moja ambayo nimeichoka. Mhusika anafumaniwa akiiba, au akidanganya, au akiwa kwenye kitanda kisicho chake. Watu wanajaa, wanamzomea. Sura inayofuata amekuwa mtu mwingine: mpole, mkarimu, anawajulia hali hadi watoto wa jirani. Nikimuuliza mwandishi mabadiliko haya yametoka wapi, ananishangaa. "Si aliona aibu?"

Aliona, sawa. Lakini hiyo si kazi ya aibu. Kuna madai manne ninayoyasikia kwa waandishi, na yote yanapotosha.

"Aibu humrekebisha mhusika." Yanayorekebisha ni majuto, na majuto si aibu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, aliieleza tofauti hii vizuri mwaka 1971. Mwenye majuto analitazama tendo: nimefanya ubaya. Mwenye aibu anajitazama mwenyewe: mimi ndiye mbaya. Tendo lina dawa. Utaomba radhi, utalipa, utarudisha ulichochukua. Nafsi yako utairudisha kwa nani? Kwa hiyo mwenye majuto humwendea aliyemkosea, na mwenye aibu akimwona kwa mbali hubadilisha njia.

Mchukue Okonkwo katika Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958. Baba yake, Unoka, alikuwa mvivu, mpiga filimbi, mwenye madeni kila nyumba. Utotoni mwenzake wa kucheza alimwambia kwamba baba yake ni agbala, neno linalomaanisha mwanamke na pia mwanamume asiye na cheo chochote. Aibu ile haikumfundisha Okonkwo huruma kwa wanyonge. Ilimfanya achukie kila alichokipenda Unoka, upole ukiwemo. Mpaka siku ya kuuawa Ikemefuna, kijana aliyemwita baba, Okonkwo akashika panga mwenyewe kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Kisha akakaa siku mbili bila kutia chakula kinywani. Majuto yalikuwepo, basi. Aibu ndiyo iliyoyanyima njia ya kutokea.

Au mchukue Jim wa Joseph Conrad, katika Lord Jim (1900). Ofisa wa meli ya Patna, mahujaji mia nane ndani, anaruka kujiokoa akidhani meli inazama. Meli haikuzama. Angekuwa mhusika wa miswada ninayoletewa, angeokoa watu ukurasa wa tatu baada ya hapo na mambo yakaisha. Jim anafanya kazi bandari hii, habari zake zikifika anaondoka. Bandari nyingine, vilevile. Waajiri wanampenda, kazi anaiweza, na bado anaondoka. Hapo ndipo aibu inapojenga msuko wa hadithi: kila tukio jipya limezaliwa na jitihada ya kulificha lile la kwanza.

Daktari wa akili Donald Nathanson alitaja mwaka 1992 njia nne ambazo mtu huzishika aibu inapombana: kujitenga, kujishambulia, kuikwepa (kwa ulevi, kwa majigambo), au kuwashambulia wengine. Kujirekebisha hakumo. Nawaambia waandishi wangu wachague njia moja, kisha wamsukume mhusika mpaka njia hiyo iharibu kitu anachokipenda. Mhusika bapa, yule wa sifa moja asiyebadilika, huanza kuwa duara hapo, yaani mtu kamili mwenye pande nyingi, mara nyingi bila kuongezewa hata sifa moja.

"Aibu huonekana usoni." Kuinamisha kichwa, kutafuna kucha, kuchora chini kwa kidole cha mguu. Hiyo ni haya, na haya ni tabia ya mtu, haihitaji siri nyuma yake. Lugha yenyewe inatuponza kidogo, maana tunasema "ana aibu" kwa mtoto anayejificha nyuma ya mama yake mgeni akija. Aibu ya riwaya kwa kawaida huvaa nguo nyingine: hasira, mzaha, ukarimu uliopita kiasi, unadhifu usiotulia. Fanya hivi: tafuta neno "aibu" katika muswada wako wote, ulifute kila lilipo. Msomaji asipoihisi tena, haikuwemo.

"Lazima pawe na umati." Hapana. Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Aristotle, katika Retorika, kitabu chake cha sanaa ya kuzungumza, alishaona kwamba tunaaibika mbele ya wale tunaowaheshimu, na kwamba hakuna anayeaibika mbele ya watoto wachanga au wanyama. Jicho moja linatosha, tena la mtu aliyekwisha kufa. Hao wazomeaji hamsini usiowapa hata majina wapunguze.

"Akiungama, amepona." Hili nalo. Katika The Scarlet Letter (1850) ya Nathaniel Hawthorne, mchungaji Dimmesdale anaficha miaka saba kwamba alizini na Hester, anaungama mbele ya watu wote, na anakufa palepale jukwaani. Hester, ambaye aibu yake ilijulikana tangu siku ya kwanza, anaivaa kifuani ile herufi A, alama ya uzinzi (adultery), anashona, anauguza wagonjwa, mpaka baadhi ya watu wanaanza kuisoma kwa maana ya able, mwenye uwezo. Halafu, baada ya miaka mingi ughaibuni, anarudi na kuivaa tena kwa hiari yake. Mwandishi mmoja aliniambia mwisho ule una kasoro, Hester angeitupa tu. Nilimrudishia muswada wake siku hiyohiyo.