Madaftari ya Mshairi Marehemu: Yasemwayo na Yalivyo

Jirani yangu hapa Wandegeya, mama aliyekulia Mombasa akaolewa Kampala, alinijia na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na madaftari manne ya marehemu baba mkwe wake, mwalimu aliyefundisha pwani miaka mingi kabla ya kurudi Uganda. Mzee alitunga mashairi ya Kiswahili maisha yake yote na hakuchapisha hata moja. Ukoo sasa ulikuwa unavutana: mmoja anataka yachomwe, mwingine yauzwe, wa tatu yapigwe picha kwa simu kisha yatupwe. "Mwalimu, wewe wasemaje?" Nikamwambia tuanze na yale wanayoyasema, maana mengi yake nimeyasikia hata kwa watu waliosoma.

La kwanza lilitoka kwa shemeji yake: mshairi wa kweli hafutifuti. Kuona mistari iliyokatwa kukamfanya aamini kwamba mzee hakuwa na kipaji. Naelewa inakotoka dhana hii. Tumezoea malenga anayejibizana papo kwa papo, na anayekwama jukwaani huzomewa. Lakini kalamu ina kazi yake nyingine. Mshairi Elizabeth Bishop wa Marekani alichapisha shairi la "One Art" mwaka 1976, na rasimu zake 17 zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo cha Vassar. Ukilisoma likiwa kitabuni utadhani limeshuka kutoka mbinguni. Rasimu za mwanzo ni maneno yaliyotawanyika tu, yakitafuta pa kukaa.

Nikafungua daftari la pili la mzee. Alikuwa ameandika: "Mwana wangu njoo kwangu, nikupe ya moyoni." Hesabu mwenyewe. Kipande cha kwanza kina mizani, yaani silabi, nane, cha pili saba. Mzee aliliona hilo, akakata "ya", akaweka juu yake "yangu": "nikupe yangu moyoni." Mizani imetimia, lakini sentensi imeanza kuchechemea. Chini yake, kwa wino wa rangi nyingine, akaandika: "nikwambie ya moyoni." Nane, na maneno yanatembea. Wino ulivyobadilika, nadhani ilipita siku au hata mwezi kabla hajarudi kwenye mstari huo. Mtu huyo alikuwa fundi, na ushahidi uko kwenye hayo aliyoyakata. Angeyanakili safi na kuchana ya zamani, tungebaki na mstari mmoja mzuri bila kujua ulivyopatikana.

Dhana ya pili ni kinyume cha ya kwanza: kwamba rasimu ya kwanza ndiyo shairi lenyewe hasa, na kitabu ni nakala iliyochakachuliwa. Hii hupendwa na wanafunzi wa chuo. Tatizo ni kwamba hata kujua kipi kilitangulia si rahisi. Chukua Okot p'Bitek, mshairi wa Gulu, Uganda. Shairi lake la Lawino lilizaliwa kwa Kiacholi, likiitwa Wer pa Lawino, lakini kitabu kilichotangulia kutoka kilikuwa cha Kiingereza, Song of Lawino, mwaka 1966. Cha Kiacholi kilichapishwa 1969. Wasomaji wa Kiswahili walipata Wimbo wa Lawino, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, mwaka 1975, na mwaka 2001 Taban lo Liyong akalitafsiri upya kwa Kiingereza kutoka Kiacholi. Anayefuata miaka iliyo kwenye majalada ataamini kwamba Kiacholi kilitokana na Kiingereza. Ndiyo maana mtunza nyaraka anayeijua kazi yake hayapangi upya makaratasi ya marehemu ili yapendeze. Huyaacha yalivyofuatana, kwa sababu mfuatano nao unazungumza.

Dhana ya tatu ilinifanya nisite, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kuiamini: maandishi yakiwa makavazini, yaani kwenye hifadhi ya nyaraka, basi mwenyewe alitaka yasomwe. Mwaka 1922 mshairi T. S. Eliot alimuuzia wakili wa New York, John Quinn, daftari la mashairi yake ya ujanani kwa dola 140. Akamsihi yale ambayo hayajachapishwa yasichapishwe kamwe. Quinn akafa 1924. Daftari likaja kununuliwa na Maktaba ya Umma ya New York mwaka 1958, kimya kimya, na habari zikatangazwa 1968, Eliot akiwa amefariki miaka mitatu kabla. Mwaka 1996 mashairi hayo yakatoka kitabuni. Nakiri nimeyasoma baadhi, na naelewa kwa nini alisihi. Lakini rai yangu ni hii: kuhifadhi ni jambo moja, kuchapisha ni jingine. Familia inaweza kukabidhi madaftari na kuweka sharti kwamba yasifunguliwe mpaka mwaka fulani. Ukishachoma, huna tena la kuchagua.

Kuhusu haki, kwa ufupi, maana hapa ndipo watu wanapogombana bure. Mwenye karatasi si lazima awe mwenye shairi. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 hulinda utungo hata kama haujachapishwa wala kusajiliwa, na haki za kiuchumi hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Atakayenunua madaftari ya mzee atakuwa amenunua madaftari. Ruhusa ya kuchapa itabaki kwa warithi.

"Chuo Kikuu cha Makerere si wanazo nyaraka zote za namna hii?" aliuliza mama. Hapana. Maktaba ya Makerere imekuwa ikipokea nakala za vitabu kwa mujibu wa sheria tangu 1958, lakini hivyo ni vitabu vilivyochapishwa. Hakuna sheria inayomlazimisha mshairi apeleke daftari lake. Maandishi ya mkono hufika maktabani kwa zawadi, kwa kununuliwa, au kwa sababu mtu aligonga mlango wa mjane kwa wakati. Karatasi za waandishi wa Nigeria, Chinua Achebe na Wole Soyinka, ziko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na mtafiti wa Kampala anayezitaka ajiandae kwa nauli na viza.

Na picha za simu? Zipigwe, hazina ubaya. Ila picha haionyeshi vizuri kovu la kalamu upande wa pili wa karatasi, na simu hupotea kwenye bodaboda. Nilichomkataza ni selotepu, kwa kuwa hugeuka kahawia na kuila karatasi, pamoja na kuyapeleka dukani yakafunikwe plastiki. Pini zitolewe kabla hazijashika kutu. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, kwa ajili ya mchwa na mvua.

Alirudi wiki iliyofuata bila ule mfuko wa plastiki. Madaftari yalikuwa kwenye boksi la viatu, pini kumi na tatu zikiwa ndani ya bahasha pembeni, na shemeji yule yule akiwa amelibeba kwa mikono miwili. Alitaka nimwonyeshe ule mstari wa mizani saba.