Je, wajua kwa nini seva hutupa data uliyoituma bila kukwambia?

Umetuma data kwenye API, yaani mlango ambao programu hutumia kuzungumza na seva, iliyojengwa kwa FastAPI, zana ya lugha ya Python. Kidole kikateleza, jina la sehemu "simu" likawa "simuu". Seva ikajibu 200, kwamba mambo ni shwari. Ukifungua hifadhidata, namba ya mteja haipo, na wala hukuona onyo.

FastAPI hukagua data inayoingia kwa kutumia maktaba ya Pydantic, ambayo usipoielekeza vingine hutupa kimyakimya kila sehemu isiyotajwa kwenye modeli, yaani orodha ya sehemu zinazotarajiwa. "simuu" haikutajwa, ikatupwa. Na kwa kuwa "simu" yenyewe haikuwekwa kuwa ya lazima, hakuna aliyeiulizia. Ingekuwa ya lazima, ungerudishiwa papo hapo kosa la 422, yaani data haikukubalika.

Kutupa kuna sababu yake, na anayeibeza akumbuke yaliyoipata GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu. Tovuti hiyo ilijengwa kwa Ruby on Rails, zana ya kujengea tovuti, ambayo zama hizo ilikuwa tayari kuandika kwenye rekodi karibu chochote kilichotumwa, mpaka mtengenezaji mwenyewe akumbuke kuzuia. Tarehe 4 Machi 2012 Egor Homakov, kijana wa Kirusi, alichukua fomu ya kusasisha ufunguo wa umma, ule unaoitambulisha kompyuta yako kwa GitHub, akapachika humo user_id (namba ya mtumiaji) isiyo yake. Ufunguo wake ukaingia kwenye akaunti ya mradi wa Rails wenyewe, naye akapata uwezo wa kuandika humo. Toleo la Rails 4, mwaka 2013, likageuza mambo: sehemu ambayo haikuruhusiwa kwa jina haipiti.

Lakini mbona kutupa, badala ya kukataa ombi zima? Ni kwa ajili ya programu zinazopishana matoleo. Simu ya mteja ikiwa na toleo jipya linalotuma sehemu ambayo seva haijaijua bado, ombi hupita tu.

Ukitaka ukali, weka extra="forbid" kwenye modeli, na kila sehemu ngeni italeta 422. Kwa API ya umma mimi nisingeharakisha, maana huwajui wote wanaoitumia. Kwa maombi ya PATCH, yale ya kubadili sehemu chache tu za rekodi, ndani ya ofisi ningeiweka leo hii: huko kwa kawaida hakuna sehemu ya lazima, kwa hiyo herufi moja iliyozidi hukuletea 200 huku rekodi ikibaki vilevile.