Filta ya wazi na ngurumo yake

Wengi wanaamini kuwa ukitoa boksi la filta ya hewa ukafunga filta ya koni iliyo wazi, injini inaongezeka nguvu. Ushahidi wao ni ule mvumo ukikanyaga mafuta.

Mvumo ni wa kweli, ila ni sauti tu: boksi la plastiki ndilo lililokuwa likiuzima. Nguvu hutegemea uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda, na hewa ya moto ni nyepesi. Katika mgandamizo uleule, hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Sasa koni imekaa wazi chini ya boneti, jirani na bomba la moshi na rejeta. Itavuta nini kwenye foleni kama si joto?

Fungua boneti ufuate mdomo wa boksi la kiwandani. Kwenye magari mengi utaukuta umechungulia mbele, karibu na taa au nyuma ya grili. Hewa baridi tayari unayo.

Ukitaka kubadilisha hata hivyo, chagua mfumo wenye boksi lililozibwa na bomba linalovuta kutoka nje. Usiushushe mdomo chini sana, kwani injini ikinywa maji ya dimbwi fimbo za pistoni hupinda. Na filta za kupakwa mafuta zisilowe. Mafuta yakizidi huchafua sensa ya hewa.